Mtepe wa Mezani Unaofungwa kwa Mlingoti

Wanaoanza kuunda chombo kidogo cha mbao kilicho fumbo huwa na haraka ya kutafuta hila. Huchonga jahazi zuri, wakaliweka kwenye kibao, kisha wakatoboa tundu mahali fulani na kuficha kitufe ndani yake. Matokeo yake ni vitu viwili vilivyogombana: jahazi ambalo lingekuwa zima bila fumbo, na fumbo ambalo lingefaa vilevile ndani ya sanduku la vito. Ushauri wangu ni kinyume cha hapo. Acha chombo chenyewe kikuoneshe pa kufungia. Kinachoshika chombo baharini ndicho kishike fumbo mezani, na anayelifungua akimaliza awe amejifunza mkuku uko wapi, mlingoti unasimama juu ya nini, na usukani unategemea nini.

Kwa sababu hiyo nakushauri uanze na mtepe. Huu ulikuwa chombo cha visiwa vya Lamu na pwani ya Wabajuni, na mbao zake hazikupigiliwa misumari; zilishonwa kwa kamba za usumba na kushikizwa kwa vigingi vya mti. Tanga lake lilikuwa la mkeka, la pembe nne, na omo yake ilijitokeza mbele kama shingo ndefu. Mitepe ilitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mmoja wa ukubwa wa kweli uliundwa upya Zanzibar mwaka 2003 ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Kuna mifano midogo pia katika majumba ya makumbusho, na ukipata nafasi ya kuutazama mmoja, utazame kwa muda mrefu: angalia mishono inavyopita juu ya kila kiungo cha mbao, na shingo ya omo inavyoanzia. Picha moja uliyoipiga mwenyewe ukiwa umesimama ubavuni itakufaa kuliko michoro kumi ya watu wengine.

Ufundi wa kushona vyombo haukuwa wa Waswahili peke yao. Nchini Omani kilishonwa kwa nyuzi za nazi chombo kiitwacho *Jewel of Muscat*, na mwaka 2010 kikasafiri kwa tanga hadi Singapore. Mbao zake zilikuwa za mti wa jamii moja na mbambakofi wetu. Nalitaja hili ili usidhani kwamba chombo kisicho na msumari ni kitu dhaifu. Kinanyumbuka, na hicho ndicho kilichokifanya kistahimili kugongana na mchanga na matumbawe. Fumbo lako nalo litategemea viungo vinavyobanana bila kulazimishana.

Ulimwengu wa mafumbo ya mbao una mafundi wake pia. Wachina wana mafumbo ya vijiti wanayoyanasibisha na seremala wa kale Lu Ban, na Wajapani wana kumiki, vipande vinavyopachikana hadi vikawa ndege, nyumba au meli, huku kipande kimoja kikiwa ufunguo wa vyote. Fumbo maarufu kuliko yote ya aina hii lina vijiti sita vinavyopishana. Mmarekani Bill Cutler aliyahesabu mafumbo ya namna hiyo kwa kompyuta: yale yasiyo na uwazi wowote ndani yanaweza kuunganishwa kwa njia 119,979, lakini ukiruhusu uwazi ndani, njia zinapita bilioni 35. Tofauti hiyo ndiyo somo kubwa kwa muunda fumbo. Fumbo lililojaa mbao tupu hufunguka kwa mwendo mmoja au halifunguki kabisa. Penye nafasi iliyofichika ndipo kipande kinapopata pa kugeukia na kuteleza kabla ya kutoka. Kwa hiyo unapochora mtepe wako, chora kwanza mahali ambapo hapana mbao.

Mtepe ninaoueleza hapa una urefu wa sentimita 30 bila shingo ya omo, na upana wa kama sentimita 9 na nusu katikati. Una vipande kumi na viwili: mkuku, mbavu mbili, mihimili minne, sitaha, mlingoti na tanga lake, ufito wa kufungia, usukani, na kana, yaani mkono wa usukani. Hakuna gundi kati ya kipande na kipande. Gundi unaruhusiwa kuitumia ndani ya kipande kilekile tu, na utaona kwamba kwenye mkuku unaihitaji sana.

Hivi ndivyo unavyofunguka. Kwanza kana inachomolewa kwa kuivuta nyuma, maana ncha yake imeingia kwenye kigingi kidogo kilicho mwisho wa sitaha na kuuzuia usukani usipande. Usukani sasa unainuliwa juu na kutoka kwenye mfereji wake. Nyuma yake, kwenye fashini, yaani mwisho wa nyuma wa mkuku, kunaonekana kitundu cha milimita tatu. Anayefungua akiinua omo juu, kama chombo kinachopanda wimbi, ufito unateleza wenyewe na kuchungulia nje. Akiutoa wote, mlingoti unakuwa huru kuzunguka, lakini bado haupandi. Lazima augeuze robo mzunguko, hadi foramali, ule mti unaobeba tanga, ifuate urefu wa chombo, ndipo mlingoti unapong'oka. Hapo sitaha inateleza kuelekea tezi, yaani nyuma ya chombo, mihimili inainuka mmoja mmoja, na mbavu zinaachana na mkuku.

Kila hatua katika mfuatano huo ina maana kwa mtu wa chombo. Usukani kweli hutolewa kwa kuinuliwa. Mlingoti kweli husimama kwenye mwashiri, juu ya mkuku. Kitu nilichoongeza kwa ajili ya fumbo ni sitaha, na sioni aibu kuiongeza, mradi usimwambie mtoto kwamba mtepe wa Lamu ulifunikwa namna hiyo.

Sasa tuanze na mbao, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi huharibika kabla ya msumeno kugusa kitu. Mti hautulii. Unavuta unyevu wa hewa na kuvimba, unautoa na kusinyaa, na mwendo huo hauko sawa kila upande: kufuata urefu wa nyuzi ni mdogo mno, lakini kwa upana, kufuata mizunguko ya umri, huwa karibu mara mbili ya ule wa kutoka kiini kwenda ganda. Fumbo lililochongwa Dodoma wakati wa kiangazi na kupelekwa Tanga wakati wa masika litakaza hadi lisifunguke. Fumbo lililochongwa Tanga na kupelekwa Nairobi litalegea. Dawa yake si kuchonga kwa kubahatisha. Weka mbao zako ndani ya chumba ambamo fumbo litakaa, zipishe hewa pande zote kwa vijiti, na uziache hapo wiki kadhaa. Zisiwekwe jikoni wala juani.

Mninga ndio chaguo langu la kwanza kwa mkuku, mihimili na sitaha. Unasifika miongoni mwa maseremala kwa kutosinyaa sana, nao ni rahisi kwa patasi na una rangi inayopendeza bila kupakwa kitu. Msaji unafaa vilevile, ingawa mafuta yake hukataa gundi. Futa uso wake kwa spiriti muda mfupi kabla ya kuugundisha. Mkangazi ni mzuri kwa mbavu, kwa kuwa ni mwepesi na unachongeka. Mvule ni mbao ya heshima, lakini kwa kazi ndogo una matatizo mawili: mara nyingi huwa na chembe za mawe ndani yake zinazovunja makali ya patasi, na vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua. Ukiutumia, funika pua na mdomo kwa barakoa ya kweli, si kitambaa. Mpingo nautunza kwa ufito na kitako cha mlingoti tu. Ni mgumu, mzito hadi huzama majini, na hauliki kwa kusuguana.

Hakuna sababu ya kukatiwa mti kwa ajili ya haya. Mtepe mmoja unatokana na vipande ambavyo kila karakana ya milango na vitanda huvitupa kwenye kona. Nenda na rula, omba masalia yaliyonyooka, yasiyo na kifundo, na uangalie mwisho wa ubao: chagua ule ambao mistari ya umri imesimama wima kuelekea uso mpana. Ubao wa namna hiyo ndio hutembea kidogo kuliko wote.

Kabla ya kugusa mbao hizo nzuri, tengeneza kufuli peke yake kwa msonobari wa bei rahisi. Simaanishi mtepe mzima. Namaanisha kipande cha mkuku cha sentimita 8 chenye tundu la mlingoti na njia ya ufito, pamoja na kijiti cha mlingoti. Kikifanya kazi mkononi, ukakifungua na kukifunga mara nyingi huku ukizungumza na mtu bila kukitazama, basi una fumbo. Kisipofanya kazi, hakuna uzuri wa omo utakaokuokoa.

Mkuku ni moyo wa kazi, kwa hiyo tukae hapo. Una upana wa milimita 24 na kimo cha milimita 45. Usijaribu kuuchonga kutoka mbao moja. Utahitaji chumba ndani yake, chumba kilicho kipana chini kuliko mlango wake, na hakuna patasi itakayofika huko kutoka juu. Chukua mbao mbili za milimita 12, zikae uso kwa uso, na uchonge nusu ya chumba kwenye kila moja kabla ya kuzigundisha. Nafasi ya mlingoti iwe kama sentimita 16 kutoka tezi, mbele kidogo ya katikati. Kutoka juu shuka na mlango mwembamba: katikati yake ni mviringo wa kupitisha mlingoti wenye unene wa milimita 10, na mbele na nyuma yake pana mpasuo wa kupitisha pini ya milimita 3. Urefu wote wa mpasuo ni milimita 19. Mlango huo ukifika milimita 18 kutoka chini ya mkuku, panua kila upande hadi upate chumba cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 19. Chumba kikomee milimita 4 kutoka chini. Kwa hesabu hiyo kuta za pembeni zinabaki na milimita mbili na nusu kila upande, ambazo zinatosha kwa mninga lakini si kwa msonobari. Ukijaribu kwa msonobari, ongeza upana wa mkuku.

Njia ya ufito nayo ichongwe wakati huohuo, nusu huku na nusu kule, kuanzia chumba hadi tezi, kitovu chake kikiwa milimita 8 kutoka chini. Chonga mfereji wa pembe nne wa milimita 3. Ukitoboa kwa keekee kutoka nyuma, sindano ndefu itapotea njia ndani ya nyuzi, na hutajua hadi utakapofika mwisho. Kabla ya kugundisha, paka nta ya mshumaa kwenye kuta za chumba na ndani ya mfereji, ukijihadhari isifike kwenye nyuso zinazogundishwa. Gundi itakayofinywa ndani haitashika kwenye nta, na utaitoa kwa kijiti ikiwa bado laini. Funga mbao mbili kwa jiliwa, ziache usiku kucha.

Kitako cha mlingoti kina vitundu viwili. Cha kwanza, kwa ajili ya ufito, kiko milimita 4 kutoka mwisho. Cha pili, kwa ajili ya pini, kiko milimita 10 kutoka mwisho, na kinakikata cha kwanza kwa pembe mraba ukitazama kutoka juu. Pini ni ya mpingo au ya waya wa shaba, urefu wa milimita 17, na inagundishwa ikitokeza sawasawa pande zote mbili. Mlingoti unapoingia, pini inafuata urefu wa chombo; ukigeuzwa robo, pini inakaa kwa upana chini ya dari ya chumba na haiwezi kupanda, na wakati huohuo kitundu cha ufito kinatazamana na mfereji. Elewa vema mpangilio huu kabla ya kutoboa, maana vitundu vikifuata mwelekeo mmoja kufuli halitafunga. Foramali ifungwe kwenye mlingoti ikifuata mwelekeo wa pini. Hivyo tanga likikaa kwa upana, kama linavyokaa upepo unapotoka nyuma, chombo kimefungwa.

Juu ya kitako, mahali mlingoti unapotokea kwenye sitaha, gundisha duara la mbao lenye kipenyo cha milimita 24. Kazi yake ni mbili. Linaficha mpasuo, na linaikandamiza sitaha dhidi ya mkuku ili visitetereke. Kimo chake ukirekebishe kwa msasa mwishoni kabisa, wakati vipande vingine vyote vimekwisha kukaa.

Kuhusu ufito, wapo watakaokuambia mpingo ndio unaofaa kwa chombo kisicho na chuma, nami nakubali kwa moyo wote. Lakini kuchonga mpingo wa unene wa milimita mbili na nusu na urefu wa sentimita 16 ni kazi ya mkono uliozoea. Hukatika kwa ghafla. Kwa mtepe wako wa kwanza tumia spoki ya baiskeli. Ikate ule mwisho uliopinda, ilainishe ncha kwa tupa, na uzito wake utaufanya utelezi uwe wa hakika. Urefu wake ukiwa umeingia wote, ubaki ndani ya tezi kwa milimita moja, ili usukani uukalie bila kuusukuma.

Mbavu mbili ni vipande vinene vya milimita 35 ambavyo upande wa ndani ni bapa na upande wa nje umechongwa umbo la chombo. Usichonge umbo kwanza. Fundi mwenye pupa huanza na mviringo kwa sababu ndio unaopendeza macho, halafu hana tena pembe mraba ya kupimia viungo. Ukiwa bado na matofali mawili ya mbao yaliyonyooka, yabane pamoja na mkuku katikati, kisha weka alama za mihimili minne juu ya yote matatu kwa pigo moja la kalamu. Weka vigingi viwili vya milimita 5 kwenye kila ubavu, vinavyoingia kwenye matundu ya mkuku bila gundi. Bila hivyo mbavu zitateleza chini na kutoka kwenye mihimili. Vigingi hivyo na matundu yake vikwepe chumba cha mlingoti na njia ya ufito.

Mihimili inakata mkuku na kuingia kwenye mbavu kwa kiungo cha mkia wa njiwa. Kina chake ni milimita 22. Pale inapopita juu ya mkuku, nusu ya kina hukatwa kwenye mhimili kutoka chini, na nusu nyingine kwenye mkuku kutoka juu. Ndani ya kila ubavu ncha inaingia milimita 15, ikianza na upana wa milimita 12 na kuishia na 16. Kwa kuwa ncha ni pana mwishoni, ubavu hauwezi kwenda nje. Unachoweza mhimili ni kupanda juu tu, na juu kuna sitaha. Yote minne iwekwe katika sentimita 16 za katikati, ambako mbavu bado ni nene, na hakuna mmoja utakaopita juu ya mlingoti.

Kata mhimili kwanza, kisha uchore tundu kwa kuuzungushia kisu wenyewe. Kalamu ya risasi ina unene, na unene wake ni wa kutosha kuharibu kiungo. Acha nafasi ya karatasi mbili za kawaida, yaani kama sehemu mbili za kumi za milimita. Kiungo kikipita kwa uzito wake hadi nusu na kumalizika kwa kusukumwa na kidole gumba, kimefaa. Kikihitaji nyundo, kimekosewa hata kama kinaonekana kizuri, kwa sababu anayefungua fumbo hawezi kutofautisha kiungo kilichokaza na kiungo kilichofungwa. Atatumia nguvu. Na fumbo likishakubali nguvu mara moja, litavunjwa na mtu wa pili. Hili nalishika kama sharti: hakuna hatua yoyote ya mtepe wako itakayohitaji nguvu kuliko ya kufungua kifuniko cha sanduku la kalamu.

Kuna mwenendo wa kutengeneza mihimili minne inayotofautiana kwa nusu milimita ili aliyefungua asumbuke kurudisha. Sipendekezi. Tofauti isiyoonekana si fumbo, ni usumbufu, na hula viungo. Ukitaka kila mhimili uwe na mahali pake, ifanye tofauti ionekane kwa jicho linalotulia: mmoja mfupi, mmoja mrefu, kufuata upana wa chombo mahali hapo. Chombo kimekwisha kukupa tofauti hiyo bure, kwa kuwa omo ni nyembamba kuliko katikati.

Juu ya kila mhimili, katikati, bakisha ulimi mdogo wenye umbo lilelile la mkia wa njiwa, ukifuata urefu wa chombo. Sitaha ina mfereji mmoja chini yake wa kupokea ndimi zote nne, uliofunguka mbele na kuzibwa nyuma. Hivyo inaingia ikitokea tezi, na inapofika mwisho mpasuo wake unalingana na mlango wa mkuku. Upana wa milimita 60 unatosha kuficha ncha zote za mihimili. Unene wa milimita 12, mfereji wa milimita 6.

Sasa umbo. Kusanya mkuku, mbavu na mihimili, ufunge sitaha kwa jiliwa, na uchonge mbavu zikiwa zimekamatana. Anza na tezo ndogo au patasi pana, malizia kwa tupa na msasa wa 120, kisha 240. Omo na tezi zote mbili zinakonda na kuinuka. Mwili wa mtepe una tumbo la duara. Shingo ya omo usiichonge kwenye mbao ya mkuku. Nyuzi zake zitakuwa fupi, na itakatika siku ya kwanza fumbo linapoanguka. Ichonge kutoka kipande kingine ambacho nyuzi zinafuata urefu wa shingo, uipachike kwa kiungo kirefu cha mshazari na gundi. Hii ni sehemu ya mkuku, haifunguki.

Mishono ndiyo itakayoufanya uwe mtepe. Chora mistari ya mbao kwenye kila ubavu kwa ncha ya kisu, kisha kando ya kila mstari toboa vitundu vya milimita moja, juu na chini, kila baada ya milimita 8. Pitisha uzi wa pamba uliopakwa nta, au uzi wa usumba uliosokotwa mwembamba ukimpata mtu anayejua kuusokota. Vitundu viwe vifupi na vya mshazari ili uzi uzame na kutokea bila kufika upande wa ndani, la sivyo mbavu hazitakaa bapa kwenye mkuku. Kazi hii ni ndefu na haina njia ya mkato. Ifanye jioni, kidogo kidogo. Mwenye subira zaidi anaweza kuunda kila ubavu kwa mbao tatu tofauti na kuzishona kwa kweli, akizishikiza kwa vigingi kama walivyofanya wenyewe. Mtepe wa namna hiyo ni jambo la fahari, ila uwe wa pili au wa tatu, mkono ukishajua viungo.

Tanga likate kwenye mkeka wa ukindu wenye miaa myembamba kuliko yote utakayoipata, lifungwe kwenye foramali kwa uzi. Kitambaa cheupe hakifai hapa, kwa sababu macho ya anayejua yatakiona mara moja.

Usipake vanishi kwenye viungo. Vanishi ina unene, na wakati wa joto hunata. Nje paka mafuta ya kitani mara mbili, ukifuta yote yanayobaki juu. Ndani ya viungo paka nta ya nyuki kidogo, uisugue kwa kitambaa hadi ing'ae. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vianike vikiwa vimekunjuliwa, nje ya nyumba. Vikirundikwa pamoja vinaweza kushika moto vyenyewe.

Ukimpa mtu mtepe huu, mpe ukiwa umefungwa, na usimwambie chochote isipokuwa kwamba hauhitaji nguvu. Pamoja nao mpe bahasha iliyofungwa yenye mchoro wa vipande na majina yake: mkuku, omo, tezi, mwashiri, foramali, kana. Kama ni mtoto, kaa karibu lakini mikono yako iwe mbali. Kwa kawaida atahangaika na tanga kwanza, kwa kuwa ndilo linaloonekana, na litakataa kugeuka kwa sababu ya ufito. Mwache. Swali la kumsaidia, akikwama sana, ni moja: chombo hiki kinaongozwa na nini?

Ufito wa akiba uweke ndani ya bahasha hiyo, maana ndicho kipande kinachopotea. Na mvua za masika zikija, mihimili ikaanza kukaza, upe mtepe wiki mbili ndani ya chumba kikavu kabla ya kuchukua msasa. Ikibidi kupunguza, punguza ncha za mihimili, kamwe si matundu ya mbavu. Mhimili mmoja unachongeka upya kwa mchana mmoja, lakini ubavu ukilegea utalazimika kuushona tena wote.